Wingu Ligawiwe

Darasa la nne B, Ibra, Jumatatu,
saa mbili na robo, kiyoyozi kinakohoa,
na Ghaliya ameshanyoosha mkono kabla sijauliza.
Yeye jibu analo. Analo tangu jana.
Kitabu kizima kimelala kifuani mwake;
ukikiamsha ukurasa wa arubaini
kinasoma mpaka nukta.

Nami nilikuwa hivyo hivyo.
Nilipewa zawadi, sanduku la kalamu za rangi,
kwa kutaja mito ya nchi nisizoziona,
na hapana aliyeniuliza
mto unapata wapi akili ya kupinda.

Leo sikufungua kitabu.
Nilichora ubaoni fimbo iliyosimama wima,
chini yake mawe, na kivuli.
Wote wanaijua: saa ya falaji, nyuma ya msikiti wa chini,
ndiyo inayokata maji shamba hadi shamba
kwa athari.
(Neno hilo, katika Kiswahili cha mama,
ni alama inayobaki kitu kikishapita.
Hapa ni nusu saa ya maji.
Miaka sita yanagombana kichwani mwangu, sijayaamua.)

Halafu nikachora wingu.
“Jua hakuna. Kivuli hakuna.
Zamu ni ya Bi Mahfudha, mitende yake kumi na miwili.
Maji yake yafungwe lini?”

Kimya.
Si kile cha adabu; hicho nakijua, kina macho chini.
Hiki kilikuwa kimya cha mchwa,
kazi ndani kwa ndani.

Ghaliya akashusha mkono.
Nikaona kidevu kinamtetemeka,
nikataka kumpa jibu kama apewavyo mtoto peremende.
Nikaubana mdomo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kufundisha.

Muhannad: “Tutazame simu.” Wakacheka.
“Fimbo imesimama pale kabla ya babu wa babu yako.
Simu ilikuwa ya nani?”
Shadha: tuhesabu ndoo.
Ndoo ya ukubwa gani? wakamrukia.
Khuwaylid: tutoboe kopo, lielee majini,
likizama, zamu imekwisha.
“Na tundu atoboe nani?
Mwenye tundu dogo atakunywa mpaka kesho!”
Viti vikasukumwa. Mlango wa jirani ukagongwa, tupunguze.

Ndipo Azzan, anayeanguka imla kila Alhamisi,
akasema kama anayeliambia dawati:
“Wingu halikumjia Bi Mahfudha peke yake.
Tukikosea, tuwakosee wote.
Wingu nalo ligawiwe.”

Alisema kwa Kiarabu. Mimi nayaandika
katika lugha niliyoulizia “kwa nini” yangu ya kwanza,
jikoni, nikaambiwa nimenye vitunguu.

Kalamu ya ubao ilinikaukia mkononi.
Ghaliya, bila kunyoosha mkono, kwa mara ya kwanza:
“Na kama wingu la jana lilikuwa fupi?
Wa leo si amepunjwa?”
“Basi tuyaandike mawingu. Mwaka mzima.”
“Aandike nani?”
“Asiye na shamba.”
Kengele.

Fomu ya mkaguzi ipo mezani.
Lengo limefikiwa? Ndiyo. Hapana.
Visanduku viwili, vidogo kama meno ya maziwa.
Nimeiacha wazi. Kesho nitaulizwa,
na sijui nitasema nini,
maana hata swali lenyewe sijalijibu;
usiku nimelala nalo, likanivuta shuka.

Alasiri nimepita njia ya falaji.
Watatu wamechutama ukingoni,
kopo la jodari limetobolewa kwa msumari,
maji yanapanda ndani yake polepole.
Ghaliya anahesabu kwa sauti.
Amefika sitini na kitu, akapotea,
akacheka,
akalimwaga kopo,
moja, mbili